Rafiki akishapanda ndege

Sisi tuliobaki Nyarugusu tumeshazoea. Rafiki akifika Marekani, wiki za kwanza anatuma picha za theluji na voisi ndefu. Baadaye tunabaki na tiki mbili za bluu tu. Kuna wanaosema anaringa. Sisi hatukubali haraka hivyo: kwetu ikiwa saa mbili usiku, Ohio ni mchana, mtu yuko kazini, tena nauli ya ndege aliyokopeshwa anailipa kidogokidogo kila mwezi.

Kinachouma ni salamu zetu kugeuka ombi. Tukiandika "Mambo, ndugu?" anajibu, "Mwezi huu sina kitu." Jamani, nani kaomba? Tulitaka kumwambia timu yetu imeshinda, na shangazi yake ameanza kutembea tena.

Siku hizi bando likiwepo tunaanza na habari ya shangazi. Salamu baadaye.