Upepo wa Mbele na Upepo wa Nyuma

Wahenga walilonga kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali hii ni zao la nchi zenye joto. Kaskazini mashariki mwa Marekani mwezi wa Aprili, anayetoka nje kufanya mazoezi huvaa nguo juu ya nguo, na maji humwogesha vivyo hivyo.

Kipindi hicho huitwa majira ya kuchipua. Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, jina lenyewe huleta taswira ya maua na jua la upole. Hali halisi ni tofauti. Nchi kavu huanza kupata joto ilhali maji ya Atlantiki yangali yamehifadhi baridi ya miezi iliyotangulia, na upepo utokao baharini huibeba baridi hiyo hadi mifupani. Baharia wa Uswahilini alizijua tabia za kaskazi na kusi, akapanga safari yake kwazo. Mkimbiaji wa Boston hupangiwa siku, na upepo haushauriwi.

Tarehe 16 Aprili 2018, mbio za Boston zilifanyika katika mvua kubwa, baridi ya nyuzi chache tu juu ya sifuri, na upepo uliowapiga wakimbiaji usoni. Wanariadha kadhaa mashuhuri waliacha mbio njiani. Mkenya Geoffrey Kirui, bingwa wa mwaka 2017, aliongoza hadi zikasalia kilomita chache, ndipo Mjapani Yuki Kawauchi akampita na kushinda kwa saa 2:15:58. Kirui alimaliza wa pili kwa saa 2:18:23.

Ni rahisi kuhitimisha kuwa Mkenya haiwezi baridi. Hata hivyo, Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri zake si za joto. Tatizo ni pale baridi, maji na upepo vinaposhirikiana. Nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili, upepo hulipeperusha, na mkimbiaji anapopunguza kasi kwa uchovu, misuli nayo hupunguza joto inalozalisha. Kadiri anavyochoka ndivyo anavyozizima.

Inafaa pia kukumbuka mwaka 2011. Katika barabara iyo hiyo, upepo ulivuma kutoka nyuma, na Mkenya Geoffrey Mutai akamaliza kwa saa 2:03:02. Hakuna aliyekuwa amekimbia masafa hayo kwa kasi kama hiyo, lakini muda huo haukutambuliwa kuwa rekodi ya dunia, kwa kuwa njia ya Boston huteremka mno na mwisho wake uko mbali na mwanzo. Upepo wa nyuma una hila: anayesukumwa nao huona miguu yake tu. Upepo wa mbele ndio humkumbusha binadamu kwamba hakimbii peke yake.

Wawili waliovuka salama mwaka 2018 wana funzo. Kawauchi, aliyekuwa mtumishi wa umma nchini mwake, alikuwa amekimbia Marshfield, karibu na Boston, tarehe 1 Januari mwaka uo huo, katika baridi kali ya kugandisha, naye pekee ndiye aliyemaliza. Alikwisha kuizoea baridi kabla haijamzoea. Desiree Linden wa Marekani alidhani mapema kwamba hangemaliza, hivyo akamwambia mwenzake Shalane Flanagan kuwa yu tayari kumsaidia. Flanagan alipolazimika kwenda msalani, Linden alipunguza kasi, akamngoja, wakalifuata kundi pamoja. Aliyedhani atajiondoa ndiye aliyeshinda, kwa saa 2:39:54. Mwaka 2011, siku ya upepo mwema, alikuwa ameshindwa na Mkenya Caroline Kilel kwa sekunde 2 tu.

Mwanafunzi anayekwenda kusoma ughaibuni, akiwa na viatu vyake vya mbio sandukuni, ataambiwa na wenyeji wazoefu aanze mazoezi akiukabili upepo na arudi ukimsukuma. Ushauri huo una maana ya kitabibu: aliyekwisha kutokwa na jasho asirudi akiukabili upepo wa baridi. Una maana nyingine pia kwa wote wanaowapima wanariadha, na hata wanafunzi, kwa saa pekee. Kabla ya kuuliza mtu amefika kwa muda gani, yafaa kuuliza upepo ulivuma kutoka wapi.