Oili ya Gia na Pete za Shaba

Mwanafunzi wa fasihi anapoandika juu ya oili ya gia katika jarida la chama cha Kiswahili, yamkini msomaji atadhani ameghafilika au amekosa la kuandika. Namwomba astahamili kidogo. Jambo hili lilinishughulisha likizo nzima kuliko tasnifu yangu, na ndani yake mna mgogoro ambao sijauona ukisawiriwa vizuri zaidi katika riwaya nyingi nilizozisoma: mtu mwenye haja ya pesa, kitu chenye thamani, na uwongo unaouzwa dukani ndani ya mkebe.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, ambaye sisi Wabukusu humwita khocha, anaishi Kwanza, kaskazini mwa mji wa Kitale. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa matrekta katika shamba kubwa la mahindi. Mwenye shamba alipofunga virago na kuondoka nchini, hakuwa na fedha za kumlipa malimbikizo ya mshahara, akamwachia gari. Si pikapu wala trekta, vitu ambavyo vingemfaa mkulima, bali Datsun 240Z: milango miwili, viti viwili, pua ndefu, na injini ya silinda sita yenye ujazo wa lita 2.4. Gari ambalo haliwezi kubeba hata magunia mawili ya mahindi.

Hata hivyo, lina nasaba. Gari la aina hiyo ndilo lililowapa Edgar Herrmann na Hans Schüller ushindi wa mbio za Safari mwaka 1971, na mwaka 1973 likampa ushindi Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Mwaka huo wa 1973 Mehta alifungana pointi na Harry Källström, aliyekuwa naye akiendesha Datsun ya aina nyingine, kabla ya Mehta kutangazwa mshindi. Mjomba huyasimulia hayo kama mtu anayesimulia habari za ukoo wake. Tangu mbio za magari ya kale, East African Safari Classic, zilipoanzishwa mwaka 2003, magari ya namna hiyo yametafutwa zaidi na wenye uwezo, nayo bei yake si ya kubezwa.

Binti yake mkubwa aliitwa chuo kikuu. Karo ikahitajika. Mjomba akaamua kuliuza gari, na mnunuzi akapatikana Nairobi, akaahidi kufika baada ya wiki mbili kulikagua na kuliendesha mwenyewe. Hapo ndipo palipokuwa na kisa, kwa maana gari lilikuwa na dosari moja: kulipokuwa na baridi, ukitoka gia ya tatu kurudi ya pili, giaboksi ilisaga meno kwa sauti iliyowaamsha kuku. Mjomba mwenyewe hakuwa akiisikia sana sauti hiyo. Alizoea malori ya zamani, na hukanyaga klachi mara mbili katika kila badiliko la gia bila hata kufikiri. Lakini mnunuzi hangeendesha kwa miguu ya mjomba.

Tulikwenda Kitale kununua oili. Muuzaji, kijana mchangamfu, alituwekea mikebe mitatu mezani. Wa kwanza uliandikwa 75W-90 na GL-4, wa pili 80W-90 na GL-5, wa tatu 85W-140 na GL-5. Aliposikia kwamba gari linauzwa, aliusukuma ule wa tatu mbele. "Mzee, chukua hii nzito. Gari litanyamaza mpaka mnunuzi afike Nairobi." Alilisema hilo bila haya, kwa moyo wa kusaidia kabisa. Mjomba aliushika mkebe, akaugeuzageuza, kisha akanipa. "Wewe ndiwe msomi. Nieleze hapa pameandikwaje."

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza na Kiarabu. Sijawahi kutahiniwa vikali namna hiyo, hata mbele ya jopo la idara.

Nilianza na namba. Herufi W yatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo kabla yake huonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na ile ya baadaye huonyesha uzito wake ikisha kupata moto, kwenye nyuzijoto 100. Kitale iko takribani mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai huko Kwanza si ya mzaha. Oili ya 85W-140 kwa saa kama hiyo ni mithili ya asali iliyoganda: magurudumu ya gia huogelea ndani yake kwa shida, na gia hukataa kuingia. Ikipata moto, hata hivyo, uzito wake hufunika mlio wa beringi zilizochakaa. Huko ndiko kunyamaza alikokusifu muuzaji.

Mjomba akauliza swali la maana: kama 90 ni nzito, mbona Peugeot 504, zile zilizobeba abiria baina ya Kitale na miji mingine enzi za ujana wake, zilitiwa oili ya injini kwenye giaboksi na zikadumu? Jibu ni kwamba mizani ni mbili. Namba za oili ya gia na namba za oili ya injini hazipimwi kwa kipimo kimoja. Oili ya gia ya 90 inakaribiana kwa uzito na oili ya injini ya 40 au 50. Kwa hiyo Peugeot hawakuwa wakifanya kioja. Nakiri nilifurahi mno kulijibu swali hilo, kwani uso wa mjomba ulibadilika kama wa mtu aliyerudishiwa deni la miaka arobaini.

Sasa herufi GL. Uainishaji huu ni wa Taasisi ya Petroli ya Marekani, nao hueleza oili ina kinga kiasi gani dhidi ya mgandamizo mkubwa wa chuma kwa chuma. Kinga hiyo hutokana hasa na viungo vya salfa na fosforasi. GL-5 ina takribani maradufu ya viungo vilivyomo katika GL-4. Mtu akisikia hivyo atasema basi tano ni bora kuliko nne, na mafundi wengi, pamoja na wauzaji wao, huishia hapo. Wanasahau kuuliza oili hiyo inagusa nini.

Ndani ya giaboksi kama hiyo mna pete ambazo mafundi huziita sinkronaiza, nyingi zikiwa za shaba ya manjano. (Chanda chema huvikwa pete, walisema wahenga, sijui wangesemaje kuhusu gurudumu la gia.) Unapobadilisha gia, pete hulibana gurudumu kwenye sehemu yake yenye umbo la pia, ikalipunguzia au kuliongezea mwendo hadi vyote viwili vizunguke sawa, ndipo meno yanapoingiana bila kugombana. Salfa iliyo kali, hasa ya oili za zamani za GL-5, huila shaba. Baadhi ya GL-5 za siku hizi zimepunguziwa ukali huo, lakini linabaki jambo la pili: utelezi wake umezidi. Pete hutaka kushika. Ikipakwa kitu chenye utelezi mno, huparaza tu, na meno hukutana kabla ya kupatana mwendo.

Hapa ndipo nilipokwama kwa lugha. Nilisema oili hulainisha gia. Mjomba akapinga: kama kazi yake ni kulainisha, vipi inayolainisha zaidi iwe ndiyo mbaya? Ikabidi nitenganishe maneno ambayo nimeyatumia maisha yangu yote kana kwamba ni mamoja. Kulainisha ni kuondoa ukwaruzo unaodhuru. Kutelezesha ni kuondoa hata ule mshiko unaohitajika. Njia ya lami hulainisha safari, ilhali matope hutelezesha. Mjomba, ambaye amezaliwa na kukulia kwenye udongo wa Trans Nzoia, hakuhitaji mfano mwingine. "Kumbe pete zataka zishike, ndipo ziachie," alisema, nami nikaona kwamba amelieleza jambo lile kwa maneno sita kuliko nilivyolieleza kwa dakika kumi. Tunaposhughulikia istilahi za ufundi katika vyama vyetu, aghalabu tunaunda majina ya vipuri. Nadhani upungufu wetu zaidi uko katika vitenzi.

Ni haki pia kuitetea GL-5. Katika difu ya nyuma ya gari hilohilo, meno hayakutani tu bali huparuzana kwa mgandamizo mkubwa, kwa kuwa gurudumu dogo limewekwa chini ya kitovu cha lile kubwa. Hapo GL-4 haitoshi. Basi gari moja lahitaji oili mbili, na anayemimina moja kotekote kwa kubana matumizi anauonea upande mmoja. Tulinunua mikebe ya GL-4 kwa ajili ya giaboksi na mmoja wa GL-5 ya 80W-90 kwa ajili ya difu. Muuzaji alitutazama kwa masikitiko.

Njiani kurudi mjomba alikuwa kimya. Kisha akasema, "Mpwa wangu, ile nzito ingetuongezea pesa." Sikuwa na la kumjibu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini karo haingoji kizuri kijiuze. Ni rahisi kwangu, mwenye ufadhili wa masomo, kumhubiria mtu ambaye binti yake ana barua ya chuo mkononi. Sikuhubiri.

Kesho yake tuliliendesha gari kilomita chache ili oili ipate moto na imwagike vyema. Mjomba alianza kwa kulegeza nati ya kujazia kabla ya kuigusa ile ya kumwagia. Akaniambia kwamba amewaona vijana wakimwaga oili yote, kisha wakagundua kuwa nati ya juu imeshika kutu na haifunguki, gari likalala hapo. Oili ya zamani ilitoka nyeusi, nzito, yenye harufu ya salfa. Alipoipitishia mwanga wa jua ndani ya beseni, chembe za rangi ya dhahabu zikametameta. Hiyo ilikuwa shaba ya pete. Hatukujua nani aliyetia nini miaka ile ya shambani, lakini hasara ilikuwa mbele yetu, na hakuna oili ambayo ingeirudisha shaba mahali pake. Tukaijaza ile mpya, kiasi cha lita moja na nusu, hadi ilipoanza kuchuruzika kwenye ukingo wa tundu la kujazia.

Asubuhi iliyofuata gia ya pili iliingia vizuri zaidi, ingawa ukiiharakisha bado ilinung'unika. Mjomba aliijaribu mara tatu bila kukanyaga klachi mara mbili, akajilazimisha kuendesha kama mgeni.

Mnunuzi alifika Jumamosi. Kabla hajapewa ufunguo, mjomba alimwonyesha chupa ndogo ya kioo aliyoihifadhia oili ya zamani pamoja na chembe zake, akamwambia pete ya gia ya pili imelika na itahitaji kubadilishwa. Yule bwana aliiinua chupa, akaitazama kwa muda mrefu, akaliendesha gari hadi njia panda na kurudi. Akapunguza bei. Walivutana hadi alasiri juu ya meza yenye chai na viazi vitamu, mjomba akipanda, mgeni akishuka, nami nikinyamaza kwa sababu mpwa hana sauti katika biashara ya mjomba wake.

Fedha zilizopatikana zililipa karo ya mwaka wa kwanza na kodi ya chumba. Ya mwaka wa pili bado haijapatikana. Mjomba ana mpango wa kukodisha ekari mbili za shamba. Mkebe mmoja wa GL-4 uliobaki robo uko kwenye ghala, juu ya magunia.