Mbele Yangu

Siku mdogo wangu alipochonga muhuri wake wa kwanza, mimi ndiye niliyelipa. Tulikwenda kwenye steshenari moja hapa Dodoma mjini, zile zenye bango la "Tunachonga mihuri", tukakaa kwenye benchi huku wanafunzi wa UDOM wakitoa kopi za vyeti. Fundi akamwonesha kwenye kompyuta: jina lake, chini yake "Wakili, Notari wa Umma na Kamishna wa Viapo", halafu sanduku la posta. Akasoma mara tatu kama mtu anayetafuta kosa kwenye jina la mtoto wake.

Tulitoka na mfuko mmoja: muhuri unaojipaka wino wenyewe, muhuri wa pili wa kuthibitishia nakala, chupa ya wino wa bluu, kaunta buku ya kuandika kila atakayemhudumia, na Biblia ndogo. Kwa sheria zetu Mkristo huapa, asiye Mkristo huthibitisha tu, kwa hiyo Biblia nayo ni kifaa cha kazi. Kile chuma cha kubana karatasi mpaka alama inavimba alikishika, akauliza bei, akakirudisha.

Vitu vyote hivyo vilienea kwenye mfuko mmoja. Ila kuvifikia ilichukua miaka. Marekani, kwenye majimbo mengi, huhitaji kusomea sheria ili uwe notari: unaomba, unalipa ada, unanunua muhuri na daftari, unaanza kazi. Ufaransa notari ni mwanasheria mkubwa kabisa, na huuzi nyumba bila yeye. Mchele mmoja, mapishi mengi. Kwetu lazima kwanza uwe wakili: shahada ya sheria, kisha mafunzo ya vitendo Dar es Salaam, kisha uapishwe. Mdogo wangu alikuwemo kwenye matokeo yale ya 2022 yaliyozua mjadala nchi nzima, watahiniwa 633, waliofaulu 26. Yeye aliangukia kundi la kurudia mitihani. Mwaka ule nyumbani hatukulitaja neno "mtihani" mezani.

Kwa hiyo nilipomlipia muhuri nilijiona nina haki fulani. Na nilikuwa na shida.

Baba alituachia kiwanja. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, kiwanja ambacho zamani watu walikicheka kwa kuwa mbali sasa kina majirani wenye geti la umeme. Barua ya toleo imeandikwa Johana. Cheti cha kifo kimeandikwa Yohana. Herufi moja, na mirathi ikasimama. Tuliambiwa mama, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, aape kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Mama yuko Mvumi, ana goti bovu, na ilikuwa masika. Hati ya kiapo niliiandika mwenyewe usiku, uandishi si ndiyo kazi yangu? Asubuhi nikamwekea mdogo wangu mezani. "Gonga hapa, saini ya mama nitaileta Jumamosi."

Akaisoma, akanirudishia. "Dada, siwezi."

Nikadhani anatania. Akanieleza kwa sauti ya chini, maana kuta za ofisi yao ni mbao. Kwanza, kiwanja ni cha baba yetu, na kamishna wa viapo haruhusiwi kuapisha katika jambo ambalo yeye mwenyewe ana masilahi nalo. Pili, hata kama lingekuwa la jirani, mama hayupo. Akaweka kidole mwisho wa ukurasa, pale panapoandikwa mahali, tarehe, na maneno "mbele yangu". Sheria, Sura ya 12, kifungu cha 8, inamtaka aandike jina lake na aseme kweli ni wapi na lini kiapo kimefanyika. Mahakama ya Rufani imeshayatupa maombi ya watu kwa sababu sehemu hiyo ilikuwa na kasoro. "Unataka niandike mbele yangu, wakati mama yuko Mvumi?"

Niliondoka nimekasirika. Nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa. Nikiwa kwenye bodaboda nikajiambia kila mtu anafanya hivyo.

Na ni kweli, hata mimi nimefanya. Miaka michache nyuma niliandika habari ya mkutano wa kijiji ambao sikuhudhuria. Afisa mmoja alinisimulia kwa simu, nikaandika kwamba wananchi walishangilia. Jina langu likatoka juu ya habari ile. Baadaye mama mmoja wa kijiji hicho aliniambia kwamba siku ile walizomea. Sikuomba radhi popote. Nilinyamaza, habari ikapita.

Jumamosi nikamfuata mama. Alishuka kwenye gari ameshika fimbo, mfuko wa kitenge begani. Tukaenda kwa wakili mwingine, kijana tu, mgeni kwetu. Mama akamsalimia "Mbukwa", kijana akacheka, akavuta kiti, akaanza kumsomea hati neno kwa neno. Alipofika aya ya nne, "jina la Johana liliandikwa kimakosa na karani", mama akainua mkono.

"Mwanangu, hapo siyo. Hakuna karani aliyekosea."

Akasema baba alipoajiriwa reli msimamizi wake alimwandika Johana, naye akalikubali, akawa analisaini kila mwezi kwenye mshahara. Ndilo alilolitumia kuombea kiwanja. Kisha akafungua mfuko, akatoa kitambulisho cha reli kilichofungwa kwenye leso, picha ya baba akiwa na nywele nyingi. Sikuwahi kukiona. Sikuwahi kuuliza.

Aya ya nne ikaandikwa upya, kitambulisho kikawa kielelezo. Mama akashika Biblia, akaapa, akasaini polepole, herufi moja moja. Ndipo kijana akagonga muhuri.

Jioni nilimpigia mdogo wangu kumwomba radhi. Hakutaka maneno mengi. Akaniambia kaunta buku yake imepata jina la kwanza: mwanafunzi aliyekuja kuthibitisha nakala za cheti cha kidato cha nne. Alikuwa amekuja bila cheti chenyewe, akamrudisha hosteli akakilete.

Jumatatu mhariri akanipigia. Kuna mkutano wa wakulima Bahi, naweza kupata maelezo kwa simu nikaandika haraka?

Nikamuuliza kama kuna nauli.