Nyumba za Shizugawa

Kwa miezi kumi na minne nimekuwa nikijenga reli ambayo haipo tena, katika nchi ambayo sijawahi kukanyaga, kwenye kompyuta ya mtumba inayolia kama posho mill. Watu wakiniuliza usiku huwa nafanya nini, nawaambia "gemu" na stori inaishia hapo. Ni rahisi kuliko kueleza.

Lakini wewe acha nikueleze. Kuna programu ya bure inaitwa openBVE. Unakaa kwenye kiti cha dereva, unashika breki, unaendesha treni. Wengine wetu hatuendeshi sana, tunajenga njia. Njia yenyewe ni faili la maandishi tu. Kila mita 25 ni bloki moja, na kwa kila bloki unaandika kilichopo: hapa reli inapanda kidogo, hapa kushoto kuna mti, mita 6 kutoka kwenye reli, hapa kulia kuna ukuta wa zege. Ukimaliza, unafungua programu na maandishi yako yanageuka kuwa nchi.

Njia niliyochagua ni ya Kesennuma, mkoa wa Miyagi, kaskazini mashariki mwa Japani. Kutoka Yanaizu hadi Kesennuma ni kilomita 55.3. Gawanya kwa 25 upate bloki 2,212. Reli ni moja, upana wake milimita 1,067, yaani imeizidi reli yetu ya zamani, ile ya mita moja, kwa milimita 67 pekee. Hakuna nyaya za umeme juu yake. Ni treni za dizeli tu, zikipita handaki, bahari, handaki, bahari.

Kazi kubwa ni milima. Pwani ile milima inashuka mpaka majini, na huwezi kuiweka kama sahani kando ya reli ukaendelea na maisha yako. Mlima mmoja mkubwa wa mita mia tatu unakaa vizuri pale njia iliponyooka. Njia ikianza kupinda, programu inazungusha kila bloki kidogo kidogo, na mlima wako ulionyooka unachomoza katikati ya reli. Treni inapita ndani ya msitu kama pepo. Kwa hivyo kwenye kona unakata mlima vipande vya mita 25, kama mkate, na ile mikubwa unaisukuma mbali iwe pazia la nyuma. Miti ya sugi, mirefu na iliyonyooka kama penseli, unaitengeneza kwa picha mbili zilizokatizana. Ukipanda mingi sana kompyuta inagoma. Ukipanda michache, msomi yeyote wa reli za Kijapani atakuambia huo ni mlima wa mahali pengine.

Ujapani wa mahali hauko kwenye mahekalu. Uko kwenye vitu ambavyo wenyeji hawavitazami tena: nguzo za umeme zenye nyaya chungu nzima, vigae vya kijivu vinavyong'aa mvua ikinyesha, mashine ya kuuza soda ikiwa peke yake mahali hakuna mtu, kivukio cha reli chenye milia ya njano na nyeusi. Mashamba ya mpunga yako kama ya Mwea, ila yamekunjwa yakaingia kati ya milima. Na ufukweni, yale mawe ya zege yenye miguu minne, yamerundikwa kuzuia mawimbi.

Hayakuzuia. Tarehe 11 Machi 2011 tsunami ilikuja na kuondoka na vituo, madaraja na tuta la reli. Shizugawa, mji mkuu wa Minamisanriku, ulifutwa karibu wote. Jengo la ofisi ya kukabiliana na majanga lenye ghorofa tatu lilibaki mifupa ya chuma, nyekundu, na bado limesimama kama ukumbusho. Reli haikurudishwa. Mwaka 2012 walianza kupitisha mabasi mekundu, BRT, na sehemu ya njia ya zamani ikawekwa lami ili mabasi yapite mle mle kwenye mahandaki. Tarehe 1 Aprili 2020 reli ya kipande hicho ilifutwa rasmi hata kwenye karatasi. Mji wenyewe umejengwa upya juu ya udongo uliojazwa kwa takriban mita 10. Kwa hivyo Shizugawa ninayoijenga mimi iko chini ya ardhi ya ile ya leo.

Kila njia lazima iwe na siku yake. Nimechagua alasiri moja ya Septemba 2010, mpunga ukiwa wa njano, ukisubiri kuvunwa. Sikutaka Machi. Sitaki mtu aendeshe treni yangu akitazama saa.

Kuna beshte yangu aliniuliza, bila ubaya, "Mbona usijenge kwetu?" Anajua nilizaliwa kwenye kota za reli, zile zilizobomolewa nikiwa darasa la sita, tingatinga likafika kabla hatujamaliza kutoa vyombo. Swali lake lilikaa nami. Jibu la kweli ni kwamba Shizugawa nina vifaa. Taasisi ya ramani ya Japani imeweka kwenye intaneti picha zilizopigwa kutoka angani tangu zamani. Naweza kuhesabu paa. Za kota yetu tuna picha moja. Mathe amesimama mlangoni, amenibeba, na kinachoonekana ni mlango wa kijani na nusu ya dirisha.

Juzi Mathe alikuja kukaa nami wiki moja. Akaketi nyuma yangu treni ikiingia Shizugawa polepole.

"Hizi nyumba ni za nani?"

"Za watu wa Japani, Mathe. Zilibebwa na maji."

"Wao pia?"

"Wengi."

Akanyamaza mpaka treni ikasimama. Kisha akasema, "Hujaanika nguo. Nyumba zote hizi na hakuna hata shuka moja nje. Watu gani hao hawafui?"

Usiku ule nilitafuta picha. Kule huanika magodoro yao mepesi kwenye kingo za roshani yapate jua. Nilitengeneza matatu: jeupe, la samawati, na moja lenye maua. Nikayagawa katika nyumba ishirini.

Asubuhi Mathe alitaka kuyaona. Aliyakubali. Halafu, bila mimi kumuuliza, akaanza: mfereji wetu ulikuwa mkono wa kushoto ukitoka mlangoni, halafu choo, halafu kwa Mama Njeri, halafu ule mti ambao treni ya asubuhi ikipita ulikuwa ukimwaga majani yote. Nikafungua faili jipya.

"Kutoka mlangoni hadi mferejini ni umbali gani?"

Akasimama, akaenda dirishani, akanyoosha kidole. "Kama kutoka hapa hadi pale kwa gate."

Nikashuka na kamba nikapima. Mita 19. Haifiki hata bloki moja.