Kipengele Ambacho Hakikuonyeshwa

Jumamosi moja ya mwishoni mwa mwaka, sebule yangu ya Kinyerezi ilijaa watu kumi na wawili kwa ajili ya televisheni moja. Haikuwa fainali ya mpira. Ilikuwa hafla ya utoaji wa tuzo za filamu, iliyorushwa mubashara, na miongoni mwa waliokuwa wakiwania tuzo alikuwamo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ambaye kazi yake ni kunasa sauti za filamu. Hafla yenyewe sitaitaja. Kilichotokea usiku ule kingeweza kutokea katika hafla nyingine yoyote, na kimewahi kutokea hata kwa wakubwa wa dunia, kama nitakavyoeleza.

Kwanza nikiri jambo. Kijana huyu alikuwa mwaka wa pili chuoni alipoamua kuacha masomo na kufuata filamu. Dada akanituma mimi nimrudishe kwenye mstari, kwa kuwa ndiye niliyesoma kuliko wote katika ukoo. Nilimshauri kwa muda wa saa mbili. Nilimwambia kwamba filamu za hapa nyumbani zina umaarufu usio na mshahara, na kwamba hata umaarufu huo ni wa waigizaji. Fundi sauti hana hata huo. Alinisikiliza kwa adabu yote anayostahili mjomba, kisha akaenda Kariakoo kununua kinasa sauti cha mtumba. Kwa miaka sita dada yangu hakumsamehe sawasawa. Usiku ule alikuja kutoka Mbagala akiwa na kitenge kipya, kwa sababu king'amuzi chake kilikuwa hakijalipiwa, na kwa sababu alitaka kumwona mwanawe akiitwa jina mbele ya nchi nzima.

Ukisimama barazani kwangu usiku unaziona taa za mitambo ya umeme wa gesi, Kinyerezi I na Kinyerezi II, yenye megawati 150 na 240. Mgeni huidhani hiyo kuwa dhamana. Mwenyeji anajua kwamba kukaa karibu na panapozalishwa umeme si kukaa na umeme. Katika mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 tulizimiwa kama watu wengine wote. Kwa hiyo niliazima jenereta dogo la jirani, mzee aliyestaafu utumishi wa umma, naye akaja pamoja na jenereta lake, nadhani kulilinda.

Mzee huyo ndiye aliyefungua mjadala, hata kabla zulia jekundu halijaisha kupitiwa. Alisema kwamba anachokiona ni mkutano wa hadhara wenye muziki. Mgeni rasmi alipoanza hotuba, mzee alivua saa yake, akaiweka juu ya meza, akapima: dakika thelathini na nane. Katika dakika hizo filamu ilitajwa mwanzoni na mwishoni. Mke wangu alimpinga. Yeye hutazama hafla hizi kwa ajili ya mavazi na haoni haya kusema hivyo. Mafundi cherehani wa Sinza na Kariakoo, alituambia, hufanya kazi ya miezi miwili kwa ajili ya usiku mmoja kama huu, na mtu anayeona gauni kuwa upuuzi hajawahi kulipia la harusi. Binti yangu wa kidato cha tatu hakuwa na nadharia yoyote. Alikuwa ameshapiga kura kwa simu yangu, mara nyingi kuliko nilivyoruhusu, na alisubiri kuona kama salio langu limemshindisha mwigizaji wake.

Alikuwapo pia mwanafunzi wangu wa zamani, aliyepita kurudisha kitabu akanaswa na pilau. Huyu alikuwa mkali kuliko wote. Alisema washindi hupangwa, kura ni mtego wa kuuza ujumbe mfupi, na waandaaji hutafuta wadhamini kwanza na filamu baadaye. Nilimuuliza ushahidi, kama nilivyozoea kumuuliza darasani, akakiri kwamba hana. Lakini akasema neno ambalo sijalisahau: "Dokta, mimi nimekulia kibanda umiza. Pale tuzo ilikuwa moja tu, watu kurudi kesho."

Kibanda umiza nakijua. Waliokulia pembezoni mwa mji huu katika miaka ya tisini na elfu mbili walijifunza sinema humo, juu ya mabenchi ya mbao, mbele ya televisheni iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma. Wengi wetu hatukusikia sauti za waigizaji wa Marekani wala wa Hong Kong. Tulisikia sauti ya Lufufu, aliyetutafsiria filamu hizo, akiongeza utani na maelezo yake mpaka hadithi ikawa ya Temeke. Yeye ndiye sauti ya sinema kwa kizazi kizima, na kipengele cha kumtuza mtu kama yeye sijawahi kukiona katika hafla yoyote niliyoitazama.

Mimi mwenyewe nilikuwa upande gani? Sikuwa na msimamo safi, na mpaka leo sina. Machi 2014 niliamka usiku wa manane, nikakaa peke yangu mpaka alfajiri, nikamwona Lupita Nyong'o akipokea Oscar kwa kazi yake katika 12 Years a Slave. Nililia, mimi ambaye darasani nilikuwa nikifundisha kwamba tuzo za Hollywood ni biashara inayojisifu yenyewe. Mwaka 2016, Elizabeth Michael, Lulu wetu, na Single Mtambalike, yaani Richie, waliporudi na tuzo za Africa Magic kutoka Lagos, mmoja kwa filamu ya Mapenzi na mwingine kwa Kitendawili, nilifurahi tena. Na ndani ya daladala ya Kinyerezi nilisikia abiria wawili wakibishana kwa uchungu, mmoja akisema tumeheshimiwa, mwingine akiuliza kwa nini lazima Lagos ituambie nani anajua kuigiza kwetu. Wote wawili niliona wana haki.

Ni kwa sababu ya swali la yule abiria wa pili kwamba niliunga mkono Bodi ya Filamu ilipoanza kutoa tuzo za kitaifa mwaka 2021, zikatolewa Mbeya, na mwaka uliofuata Arusha. Chombo kilichozaliwa na Sheria Na. 4 ya mwaka 1976, ambacho kwa miongo mingi mwananchi alikijua kwa kazi ya kukagua na kuzuia, kilianza kusema pia nini kinafaa kusifiwa. Watumishi wanaonisoma wanajua jinsi badiliko la namna hiyo lilivyo gumu ndani ya ofisi ya serikali. Kuitoa hafla Dar es Salaam nako kulinifurahisha. Sisi wa hapa tumezoea kudhani kwamba Tanzania huishia Kibaha.

Turudi sebuleni. Katika kubishana kwote kule, lilikuwapo jambo moja tu ambalo wote kumi na wawili walikubaliana, nalo lilihusu filamu zenyewe: sauti. Kila kilipoonyeshwa kipande cha filamu, mtu alilalamika. Muziki unameza maneno. Mwigizaji akigeuza uso, sauti inakwenda naye. Jogoo anawika katika tukio la usiku wa manane. Hata mke wangu, aliyezitetea nguo, alisema kwamba aliacha kutazama filamu fulani kwa sababu alichoka kupandisha na kushusha sauti kwa rimoti. Dada yangu alisikia haya yote kimya, mikono juu ya kitenge, kama mzazi aliyeketi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Mpwa wangu aliwahi kunieleza kazi hiyo. Aliniambia kwamba kabla ya kunasa neno moja hutembea mtaa mzima akiomba kimya. Hufunika madirisha kwa mablanketi. Siku moja alimlipa mwenye mashine ya kusaga aizime kwa nusu saa, kwa fedha yake ya nauli, kwa kuwa bajeti haikuwa na fungu la kulipa kimya. Mwongozaji humwambia aharakishe, jua linazama. Filamu ikitoka na sauti mbaya, lawama ni yake. Ikitoka na sauti nzuri, hakuna anayegundua.

Basi tulisubiri. Ilipita saa mbili, ikapita saa tatu. Mwimbaji mmoja aliimba nyimbo nne. Wakati wa wimbo wa tatu, ukanda mwembamba wa maandishi ulianza kukimbia chini ya kioo: washindi wa vipengele vya kiufundi. Uhariri, taa, sauti, maleba, majina yakifuatana kama bei za mazao. Binti yangu akaruka. "Ameshinda! Shangazi, ameshinda!" Dada yangu alikuwa anatafuta miwani kwenye mkoba. Alipoivaa, ukanda ulikuwa umekwisha, na mwimbaji alikuwa bado anaimba.

Tulipiga vigelegele. Lakini dada aliendelea kukitazama kioo, akiamini kwamba sasa wangemwita jukwaani. Nani angemwambia? Mimi nilikaa kimya mpaka mshereheshaji alipotuaga, karibu saa saba usiku. Ndipo aliponigeukia: "Mdogo wangu, mbona hatukumwona?"

Baadaye tulielewa. Vipengele vyote vya kiufundi vilitolewa alasiri, kabla ya matangazo kuanza, ukumbi ukiwa na watu robo na mafundi wakiendelea kupanga viti. Kijana alijua tangu saa kumi kwamba ameshinda. Hakumwambia mama yake kwa kuwa waliahidiwa kwamba usiku wangeonyeshwa kwa muhtasari, naye alitaka mama amwone mwenyewe.

Nilisema kwamba yamewakuta hata wakubwa. Hafla ya kwanza ya Oscar, mwaka 1929, ilitumia kama dakika kumi na tano kutoa tuzo. Televisheni iliingia mwaka 1953, na tangu hapo waandaaji wamekuwa wakipambana na saa. Mwaka 2019 walitaka tuzo nne, zikiwamo za upigaji picha na uhariri, zitolewe wakati wa matangazo ya biashara; wanataaluma wakapinga, wakaurudisha nyuma mpango huo. Mwaka 2022 walitoa tuzo nane kati ya ishirini na tatu kabla ya matangazo kuanza, sauti ikiwa mojawapo, ili kuokoa muda. Hafla ilizidi saa tatu na nusu hata hivyo, na kinachokumbukwa na dunia ni kofi la Will Smith. Mwaka uliofuata vipengele vyote vikarudishwa.

Simtetei mtu kwa mfano huo. Ninachokiona ni kwamba sisi watazamaji tunashiriki. Sebuleni kwangu palikuwa na watu waliolalamikia sauti usiku kucha, na hakuna hata mmoja, mimi nikiwamo, aliyeuliza kipengele cha sauti kiko wapi, isipokuwa mama mzazi wa fundi. Mwanafunzi wangu anashuku hesabu ya kura. Mimi nashuku hesabu ya dakika. Thelathini na nane kwa mgeni rasmi, nyimbo nne kwa mwimbaji, na kwa mtu aliyelipia kimya cha mashine ya kusaga kwa nauli yake, ukanda wa maandishi. Hili halihitaji sheria mpya wala kamati. Linahitaji ofisa mmoja mwenye ratiba na kalamu, kabla hotuba haijaandikwa. Na ningependa kumwona fundi akitunzwa kwa kuonyeshwa kazi yake: tukio moja bila sauti aliyoitengeneza, kisha tukio lilelile likiwa nayo. Dakika mbili zinatosha.

Jumatatu jioni mpwa wangu alikuja kwangu kwa bodaboda, tuzo ikiwa ndani ya mfuko wa kaki, akamkuta mama yake bado hajarudi Mbagala. Alimpa mama tuzo, naye akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma maandishi yake kwa miwani safari hii, akaiweka juu ya kabati karibu na picha ya marehemu mumewe ambayo mimi huitunza. Kisha hatukujua la kusema. Sikuwa nimeomba radhi kwa zile saa mbili za ushauri, na wala si mahali pale nilipoiomba. Niliiomba baadaye, barabarani, nikimsindikiza.

Alichofanya ni kuchomoa simu, akamvika mama yake spika za masikioni, akamtafutia tukio moja katika filamu ile. Dada alitazama bila kuelewa: mwanamke ameketi jikoni alfajiri, haonekani mikono, haongei. Ghafla akashika spika moja ya sikioni kana kwamba ingemtoroka.

"Hiyo mbuzi ni ya kwangu," akasema. "Ile yenye meno mabovu. Ulininasa lini nikikuna nazi?"

Kijana akacheka, akasema ilikuwa Ramadhani ya mwaka juzi, alipokuja kula futari na yeye akakataa kuzungumza naye.

Dada aliomba arudishiwe tukio hilo tangu mwanzo. Alilisikiliza mara tatu, kisha akavua spika, akaniuliza mimi, mtu wa vitabu, kama watu waliomo katika filamu ile wamelipwa, na kama mwenye mbuzi naye hudai.