Kiko Kimoja Zaidi

Kiko ni chombo cha kuvutia tumbaku, na wengi hudhani kwamba maelezo hayo yatosha. Lakini katika Kiswahili cha wazee wa pwani, kiko hasa kilikuwa sehemu moja tu ya chombo chenyewe, yaani kile kibuyu au kifuu kilichotiwa maji. Juu yake palikaa bori, kikombe kidogo cha kutilia tumbaku na moto. Kutoka kwenye bori hadi majini ilishuka digali. Kutoka kwenye kibuyu hadi mdomoni mwa mvutaji ilikwenda shilamu. Hata ile sauti ya maji yanayogugumia moshi unapopita ilikuwa na jina lake, nayo iliitwa malio. Chombo kidogo namna hii kilibeba majina matano. Watu waliokipa kitu majina mengi kiasi hicho walikuwa wamekitazama kwa makini.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba makusudi ya insha hii si kusifu tumbaku. Tumbaku ni mgeni katika nchi zetu. Asili yake ni bara la Amerika, nayo ilienea duniani baada ya merikebu za Wazungu kuanza kuvuka bahari ya Atlantiki mwishoni mwa karne ya 15. Madhara yake kwa mapafu, moyo na kinywa yanajulikana, na mwaka 2003 Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa zake. Kijana asomaye kurasa hizi asidhani kwamba tunamwalika avute. Tunalotaka kulizungumza ni jambo jingine, linalomhusu hata asiyewahi kuushika moto wa tumbaku maishani mwake: ile tamaa ya kuongeza kitu juu ya kitu, hasa inapojivika vazi la kupenda utamaduni.

Sisi tunakaa Naliendele, mwendo mfupi kutoka mjini Mtwara kwa barabara iendayo Newala, mahali panapojulikana zaidi kwa kituo chake cha utafiti wa kilimo kuliko kwa jambo jingine lolote. Ukutani mwa chumba chetu cha kusomea pana shubaka, na ndani ya shubaka hilo vimo viko kumi na viwili. Kimoja ni cha mpingo, kimechongwa sura ya mzee aliyefumba macho. Kimoja ni cha udongo mtupu, hakina pambo lolote. Kimoja kilitengenezwa Arusha kwa madini ya mirishamu yaliyochimbwa Sinya, karibu na mpaka wa Kenya; mirishamu ni jiwe jeupe, laini na jepesi, na viko vyake viliuzwa hata ng'ambo kwa jina hilihili la Kiswahili, Kiko. Kingine ni cha mzizi wa mti uotao katika nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, mzizi unaopendwa na watengenezaji wa Ulaya kwa kuwa hauungui upesi. Vilivyobaki ni ndugu wa hivyo.

Basi, kwa nini mtu mwenye viko kumi na viwili atamani cha kumi na tatu? Swali hili tumejiuliza mara nyingi, na jibu si moja. Kwanza, mtu hupendezwa na akili ya fundi. Kila fundi ametatua shida ileile, ya kuupoza moshi na kuuweka moto mbali na midomo, na kila mmoja ameitatua kwa njia yake. Pili, kununua kwenyewe kuna ladha: kuna kutafuta, kuulizia, kupatana bei, na kurudi nyumbani na kifurushi. Ladha hiyo huisha mara kifurushi kinapofunguliwa, ndipo macho huanza kutafuta tena. Tatu, ambalo ni zito zaidi, kila kiko kipya huahidi utulivu ambao kile cha jana hakikuuleta. Ahadi hiyo haimo katika kiko. Imo ndani ya anunuaye.

Huku kwetu tamaa hiyo ina majira yake. Korosho huanza kuingia maghalani karibu na mwezi Oktoba, na tangu mwaka 2007, ulipoanza mpango wa stakabadhi ghalani, wakulima wengi hulipwa baada ya mnada, fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Katika miezi hiyo wachuuzi wa kila namna hupanda kutoka mjini na kuingia vijijini. Mtu aliyekaa miezi minane bila kununua hata sahani hujikuta na redio mbili. Hatumcheki mkulima huyo. Fedha zijazo mara moja kwa mwaka humwambia mwenyewe kwamba asiponunua leo hatanunua tena, na maneno hayo huyasikia mwenye viko vilevile kama aisikiavyo mwenye redio.

Hesabu, hata hivyo, haina huruma. Kiko kilichotumika hulowa ndani, na hufaa kipumzishwe siku nzima kabla ya kutumika tena. Kwa hiyo hata mtu avutaye kila siku, viko viwili vyamtosha, na vitatu ni starehe. Chukua saba, kimoja kwa kila siku ya juma, na hapo umekwisha kuwa tajiri wa viko. Cha nane si cha kuvutia. Ni cha kutazama au cha kutunza. Na ikiwa ni cha kutunza, basi kutunza ni kazi. Mbao huhitaji kufutwa na kulindwa na wadudu, udongo huhitaji mahali pasipotikisika, na kila kimoja chahitaji mtu wa kukumbuka kilitoka wapi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena gharama haiishii mfukoni mwa mnunuzi. Mpingo ni mti unaokua polepole mno. Huhitaji makumi ya miaka, aghalabu sabini na zaidi, kabla ya kufaa kuvunwa kwa mbao. Kiini chake cheusi kinagombaniwa na mchongaji wa Mtwara na Lindi pamoja na viwanda vya Ulaya vinavyotengenezea klarineti na ala nyingine za kupuliza. Mchongaji anastahili riziki yake, na hatusemi asinunuliwe kazi. Twasema tu kwamba mti ulioota kabla ya Uhuru usikatwe ili mtu apate kitu cha kusahau ndani ya shubaka.

Mwaka fulani, katika majira hayohayo ya korosho, alitujia kijana wa shule ya sekondari akiwa na kitu kilichofungwa katika kipande cha kanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimeleta kiko cha marehemu babu. Bibi amenituma. Tumesikia kwamba hapa vinanunuliwa."

Alifungua kanga. Kilikuwa kiko cha maji, kibuyu chake kimeng'aa kwa kushikwa, na bori yake ilikuwa nzima. Hatutaficha kwamba tulikitamani. Fedha tulikuwa nazo. Kijana naye alikuwa na haja ya kweli, kwani sare yake ilikuwa imechakaa na muhula ulikuwa karibu kufunguliwa. Kila upande wa jambo ulisema: nunua.

Tulimwuliza, "Hii sehemu ya juu inaitwaje?" Hakujua. "Na huu mti unaoshuka ndani ya maji?" Hakujua pia. Hapo tukaona wazi biashara iliyokuwa mbele yetu. Kiko kingehamia shubakani petu, fedha zingehamia dukani, na maneno yangebaki na bibi mpaka siku atakapozikwa nayo.

Tukamwambia, "Mwanangu, kirudishe kwa bibi. Lakini umwombe akueleze habari zake zote, nawe uandike kurasa mbili. Kurasa hizo tutazinunua kwa bei ileile mliyoitaja ya kiko." Kijana alitutazama kama mtu anayetaniwa, akaondoka.

Baada ya siku nne alirudi. Katika kurasa zile yalikuwemo majina ya Kimakonde ambayo sisi hatukuyajua kabisa. Ilikuwemo habari kwamba babu alikitengeneza kiko kile mwenyewe alipokuwa kibarua katika mashamba ya mkonge, kama walivyokwenda vijana wengi wa Kusini wakati wa utawala wa Waingereza. Na lilikuwemo neno moja la bibi: kwamba kila alfajiri, kabla hajafumbua macho, aliyasikia malio ya kiko akajua kwamba mumewe ameamka salama. Sare ilinunuliwa. Kiko kiko kwa bibi.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko yetu. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa havijamalizika katika nchi, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akikusanya vinyago na vyombo vya nyumbani, akinasa pia sauti za nyimbo na picha za ngoma. Alivyokusanya vilipelekwa katika jumba la makumbusho la Leipzig. Huenda mtu akasema kwamba vingebaki vingeliwa na mchwa. Lakini kitu kikiwa Leipzig na mjukuu wa mwenyewe akiwa Newala, ni nani atakayemfundisha mwenzake? Nasi tusijipe moyo kwamba shubaka lililoko Naliendele ni tofauti kwa kuwa liko karibu. Mnunuzi mwenyeji aweza kuinyang'anya nyumba ya jirani kumbukumbu yake kwa adabu zote na kwa bei nzuri.

Somo la kujizuia tumelipata kwa wakulima. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani zipatazo 145,000. Kufika 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo ugonjwa wa ubwiriunga na mashamba kuachwa watu walipohamishiwa vijijini. Sababu mojawapo ilikuwa mikorosho kusongamana, matawi yakanyimana jua na hewa. Wataalamu wa Naliendele walishauri miti ipandwe kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, yaani miti 69 tu katika hekta moja, na iliyozidi ipunguzwe. Mkulima huona uchungu kukata mti alioupanda kwa mkono wake. Lakini miti iliyobaki hupata nafasi, nayo huzaa.

Kwa hiyo sisi tumejiwekea kanuni mbili. Ya kwanza: hatununui kitu ambacho hatuwezi kukiandikia ukurasa mmoja katika daftari, ni nani aliyekitengeneza, kwa nini, na kila sehemu yake yaitwaje. Ya pili: tukitamani kitu leo, twangoja mpaka msimu ujao wa korosho. Vingi tulivyovingojea hivyo, msimu ulipofika hatukuvikumbuka hata sura zake.

Wizara ya kwanza ya Utamaduni wa Taifa na Vijana iliundwa mwaka 1962, nchi ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu wa uhuru. Kazi iliyoanzwa wakati ule haikuwa ya kujaza makabati. Walimu, wapelekeni wanafunzi kwa mabibi na mababu wakiwa na kalamu na daftari, na kitu chenyewe kibaki kwa mwenyewe. Nanyi vijana, kabla ya kutaka kitu kimoja zaidi, kitazameni kile mlicho nacho, mkihesabu majina yake. Yasipotimia matano, bado hamjakimiliki.