Kutoka Kigali Hadi Baridi ya Karisimbi

Mkazi wa Kigali haujui msimu wa theluji. Mji wake uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku mwingi humtosha blanketi moja. Lakini baridi kali haiko mbali naye. Iko Karisimbi, mlima wa mita 4,507, mrefu kuliko yote katika safu ya Virunga. Jina lake hunasibishwa na neno la Kinyarwanda isimbi, linalofanana na simbi ya Kiswahili, kwa kuwa kilele huonekana cheupe kama kauri siku za mvua ya mawe na theluji.

Safari huanzia kituo cha mabasi cha Nyabugogo, ikapita milimani hadi Musanze, mji ulioitwa Ruhengeri hadi mwaka 2006. Kutoka hapo hadi Kinigi, kwenye makao ya Hifadhi ya Volkano, njia hukata mashamba ya viazi na pareto. Vibali hutolewa na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, na yafaa viombwe mapema. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo yenye mvua chache, ingawa tope halikosekani. Karisimbi hupandwa kwa siku mbili, na usiku hulalwa hemani kwenye mita 3,700 hivi. Mwenye siku moja apande Bisoke, mita 3,711, akaone ziwa lililomo ndani ya kasoko yake.

Hesabu ya baridi ni nyepesi. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi. Kutoka Kigali hadi kileleni ni mita 3,000, yaani nyuzi 18. Alfajiri ambayo mjini ni ya nyuzi 16, kule juu maji huganda.

Mlima huo umekwisha kuua. Katika msafara wa Kijerumani wa 1907–1908, ulioongozwa na Adolf Friedrich wa Mecklenburg, mtaalamu wa miamba Egon Kirschstein alikumbwa na tufani ya mvua ya mawe na theluji huko Karisimbi. Wapagazi wake 20 walikufa kwa baridi. Yeye akateremka hai. Vitabu vingi vya wasafiri hulitaja jina lake. Majina ya wale ishirini ni nadra kuyaona.

Basi maandalizi yaanzie kabatini. Nguo za pamba zikilowa hukaa na maji na kunyonya joto la mwili. Sweta na soksi za sufu hufaa zaidi, pamoja na koti la mvua, kofia, glovu na viatu vya buti vilivyokwisha kuzoea miguu. Nguo kavu za kulalia zifungwe ndani ya mfuko wa nailoni, zisiguswe hadi jioni. Anayeumwa kichwa na kutapika huko juu ateremshwe mara moja, hata kama ni askari aliyezoea kwata. Watoto wadogo wanaweza kubaki Musanze na mzazi mmoja, wakatembezwa kwenye maziwa ya Burera na Ruhondo.

Wachukuzi hupatikana Kinigi kwa ujira. Kabla ya kumkabidhi mzigo, mwenye safari amtazame mchukuzi wake: amevaa nini, na ana nini cha kujifunika usiku? Sweta na koti la ziada la mvua, vilivyotiwa katika hesabu tangu Kigali, ndivyo vitakavyomfaa hapo.